Upande Wake wa Kaburi

Mimi sishangazwi na kitu. Maneno hayo nimeyasema Kitengela yote, kwa hoteli za nyama, kwa mikutano ya kanisa, hata mbele ya trafiki aliyedhani atanitisha. Nimeona jiwe likimlalia mtu ambaye tulikunywa naye chai asubuhi hiyo hiyo. Nimeona benki ikichukua lori langu la kwanza nikiwa bado nimekaa ndani. Nimeona ploti moja imeuziwa watu watano, wote wakafika siku moja na mafundi wao, wakapigana mpaka chifu akaitwa, na mawe waliyorushiana nilikuwa nimewauzia mimi. Mtu aliyeona hayo atashangazwa na nini tena?

Niliacha shule darasa la sita. Nilishuka Kitengela kutoka Murang'a na nyundo moja na patasi mbili, nikaingia machimbo ya mawe, na kwa miaka minne nililala kwa kibanda cha mabati ambacho leo singefugia kuku. Sasa niko na malori manne, nyumba za kupanga kule Noonkopir, na watu wanaonisalimia kabla sijawaona. Huniita Mzee wa Mawe. Sikurithi hata kijiko. Kuna waliosoma mpaka chuo ambao ni wapangaji wangu, na kodi ikichelewa huniandikia barua nzuri sana za Kiingereza.

Barua hizo nilisomewa na mke wangu. Yeye alimaliza kidato cha nne. Kwao ni Entarara, kule karibu na Loitokitok, kwa watu wa maharagwe na vitunguu, na alikua akicheza na watoto wa Kimaasai mpaka Kimaa kikawa lugha yake ya jikoni. Mimi herufi kubwa nasoma, lakini zile ndogo za mawakili na benki zinaniumiza macho. Kwa hivyo mambo yalikwenda hivi: karatasi ikija, yeye anasoma, anaweka kidole mahali pa sahihi, na mimi naweka sahihi. Sahihi yangu ni kubwa, ina mkia unaorudi nyuma kama mjeledi. Miaka ishirini na sita hakuweka kidole mahali pabaya hata mara moja. Kila nilicho nacho kimepita chini ya kidole hicho. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba niko na karani mzuri kuliko wa benki, tena wa bure, na yeye akiwa hapo anamimina chai.

Habari hii inahusu kipande cha ekari mbili nje ya mji, upande wa barabara ya Namanga. Nilikinunua kiangazi kile kibaya, ng'ombe wakifa kando ya lami. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimaasai aliyetafuta nyasi za kulisha wale wachache waliobaki. Nilimpelekea lori mbili za nyasi na pesa kidogo juu yake, akatia kidole gumba. Ng'ombe walikufa hata hivyo, na yeye akafuata, lakini mimi sikuwa nimemuuzia mvua. Mjane wake alibaki na kiboma chake nyuma ya ukuta wangu. Kila asubuhi alikuja mjini kwa bodaboda na mitungi ya maziwa, na nyumba ya kwanza kupita ilikuwa yangu. Mimi hakunitazama usoni hata siku moja. Na mke wangu walikuwa wakisalimiana, "Takwenya," "Iko," halafu wanaketi jikoni na Kimaa chao mpaka chai inapoa.

Hati ya shamba hilo iliandikwa jina la mke wangu. Wakati huo benki ilikuwa inanifuata, na mwanaume mwenye akili haachi mali yake mahali mbwa anaweza kuifikia. Baadaye nikasahau. Ukuta ni wa mawe yangu, kufuli ya lango niko nayo mfukoni, nani tena atauliza karatasi inasema nini?

Daktari alipotuambia kwamba ugonjwa wa titi umefika kwenye mifupa, mke wangu alinyamaza na mimi nikaanza kupanga. Hivyo ndivyo nilivyo. Wiki hiyo hiyo nilituma lori la mawe mazuri, yale meusi magumu, kwenye zile ekari mbili, na fundi akaanza kujenga kaburi la watu wawili. Kitengela haikuwa imeona kitu kama hicho. Shimo moja, ukuta katikati, upande wangu na upande wake, taili ndani na nje, paa la mabati ya rangi juu ya nguzo nne ili mvua isitupate. Mimi ni mzee wa kanisa, na lile paa la kanisa pia nililipa mimi, kwa hivyo pasta alikuja na kamati nzima kuliona. Akasema kaburi hili linahubiri. Nikamwambia ahubiri yeye, kaburi litakaa.

Fundi alisema anahitaji vipimo. Nikampeleka mke wangu huko na gari, amejifunga shali, amekonda mpaka pete inatembea kwenye kidole. Nilimsimamisha kwenye ukingo wa shimo, fundi akavuta ile tepu mpya niliyomnunulia, kutoka kisigino hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Fundi alikuwa anaona haya. Alisema labda tungekadiria tu. Nikamwambia mimi sikadirii, nyumba ya kukadiria huanguka.

Mke wangu alisimama wima kama mtoto anayepimiwa sare ya shule. Alipomaliza kupimwa aliuliza kitu kimoja.

"Upande wangu ni upi?"

"Wa kushoto," nikasema. "Kama kitandani."

Tukarudi. Tulipofika kwenye lami akasema, akitazama mbele:

"Baba watoto, mimi nikifa nichomwe."

Nilicheka. Nilidhani ni dawa zinasema. Akarudia, pole pole, kama anayenisomea mkataba. Akasema nyumba tunayokaa niliichora mimi. Kitanda nilichagua mimi. Shule za watoto, kanisa, rangi ya lango, yote mimi. Hakuwa ananung'unika, alisema, anahesabu tu. "Miaka ishirini na sita nimelala upande ulionionyesha. Huu wa mwisho niachie. Nichomwe, jivu lirudishwe Entarara kwa shamba la mama."

Nikamwambia mke wa Mzee wa Mawe hatachomwa kama takataka za soko. Nikamwambia pia kwamba kaburi limeshalipiwa. Hilo la pili ndilo nililosema kwa sauti kubwa.

Hakuacha. Aliandika barua, nakala moja akampa binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu Nairobi. Binti akanipigia akasema kuna makanisa yanayokubali siku hizi, hata mapadri wengine hawakatazi, na kwamba kuchomwa si kumkana Kristo. Nikamuuliza ni nani alimlipia karo ya kujua hayo. Akakata simu.

Basi nikaleta pasta. Sikumleta amwombee, nilimleta amvunje, na nilimwambia hivyo kwenye gari. Alikaa kando ya kitanda na Biblia imefunguliwa magotini, mimi nimesimama mlangoni, na yule mama wa maziwa yuko pembeni anakunja nguo, kwa maana siku hizo alikuwa anakuja hata kumwosha.

"Mama," pasta akasema, "Bwana wetu Yesu alizikwa."

"Kwa kaburi la kuazima, Pastor. Na hakukaa."

Pasta akasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mke wangu akasema hekalu hilo nusu yake limeshaliwa, aje aangalie kama anataka. Pasta akasema siku ya mwisho parapanda italia na wafu watatoka makaburini, na yeye atatoka wapi? Hapo mke wangu akajiinua kwa kiwiko. Akamkumbusha dereva wetu, yule aliyeungua ndani ya lori langu barabara ya Namanga, mpaka tukaleta kilichobaki kwa mfuko wa saruji. Pasta huyu huyu ndiye aliyemzika. Alisimama mbele ya mjane na watoto akasema kijana huyu atafufuka mzima.

"Ulikuwa unawadanganya?"

Pasta akafunga Biblia akiwa ameacha kidole ndani. Alinitazama mimi. Na mimi, kwa vile nilikuwa nimemleta na nimemuahidi mabenchi mapya, nikamsaidia.

"Mwache, Pastor. Kama anaupenda moto hivyo, labda anajua ule anaouendea."

Nilisema hivyo, na sikani kwamba nilisema hivyo. Yule mama wa maziwa aliendelea kukunja shuka, akalikunja mpaka likawa dogo kama leso. Mke wangu alirudi kwenye mto. Tangu siku hiyo hakunijibu kitu chochote kuhusu kufa, na mimi nikajua nimeshinda.

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa. Iliamuliwa kwamba mtu anayetaka kuchomwa hawezi kuvaa kitambaa cha kina mama wa kanisa, kwa sababu ataangusha walio wachanga katika imani. Walikuja wanne kukichukua. Wawili kati yao alikuwa amewafundisha kushona. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi tayari, akawapa na beji imepachikwa, akawauliza kama watakunywa chai. Walikunywa.

Baada ya hapo alitulia sana. Alikuwa ananiambia asante kwa kila kitu, hata kwa maji. Siku moja akaniomba nimpeleke mjini Kajiado kwa wakili, kuna karatasi za bima ya hospitali zinazotaka mume na mke. Nikapiga picha ya pasipoti, nikavaa koti. Wakili alisema maneno yake ya haraka ya Kiingereza, mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayefuata. Kidole cha mke wangu kilikuwa kimebaki mfupa na kucha. Kikaja mezani, kikagusa mahali, kikahama, kikagusa mahali pengine. Mara tatu. Niliweka sahihi zote tatu, na mkia wa ile ya mwisho ukavuka ukingo wa karatasi ukaingia mezani. Wakili akatabasamu. Tulipotoka nilimnunulia mke wangu soda, na akainywa yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

Alikufa wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika mguu na mama wa maziwa kichwa. Mimi nilikuwa machimboni, lori lilikuwa limekwama.

Mazishi niliyafanya makubwa. Mahema manane, spika za kusikika mpaka barabarani, vijitabu vya rangi, fahali watatu. Mwezi mzima watu wangezungumza, nilisema, na walizungumza. Binti alikuja na barua ya mama yake akataka kuisoma. Nilimwambia mwenye spika azime. Alisimama na ile barua na midomo yake inatembea, watu wa mbele wakasikia kidogo, wa nyuma wakadhani anaimba. Pasta alihubiri kuhusu mbegu ya ngano inayoingia ardhini. Kile kitambaa cha kina mama nilikuwa nimekiomba kirudishwe, nikapachika mwenyewe juu ya jeneza. Kamati ilikubali. Maiti haiwezi kuangusha mtu imani, walisema.

Tulipofika kaburini mama wa maziwa alikuwa ameketi juu ya ukingo, upande wa kushoto, miguu inaning'inia ndani ya shimo. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisa na shanga zote alizo nazo. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki.

"Mzee wa Mawe," akasema, "hapa ni kwangu."

Watu walicheka, na mimi pia. Nikamwambia ashuke, tutaongea habari ya nyasi siku nyingine. Hakucheka. Alisema mwenye hati alimrudishia shamba hili, na akamwachia neno moja tu, kwamba yeye mwenyewe asizikwe humu. Pasta akamwambia yeye ni Mkristo aliyebatizwa, aone aibu kuzuia mazishi ya Mkristo. Akamgeukia pasta.

"Baba zetu tuliwalaza kwa nyasi, wakaliwa na fisi. Mkaja mkasema ni dhambi, tuchimbe. Tukachimba. Huyu naye amesema moto. Ni nani amerudi kutoka huko akawaambia Mungu alimtafuta akamkosa?"

Watu wakaanza kunitazama mimi, na macho hayo yalikuwa yananigharimu. Nikawaita wapakiaji wangu wanne, vijana wenye mikono ya kubeba mawe, nikawaambia mtoeni. Walimwinua kama wanavyoinua jiwe la kona, wawili huku, wawili kule. Hakupigana. Kiatu chake kimoja cha plastiki kilichomoka kikaanguka ndani ya shimo, upande wa kushoto. Mtu akasema tukitoe. Nikasema hatuna siku nzima. Tukashusha jeneza juu yake, tukafunika slabu, na nikasimamia simiti mwenyewe, mchanganyiko ule wa kumwaga ghorofa. Mama wa maziwa alitazama kutoka nje ya lango, mguu mmoja hauna kiatu. Binti yangu alikuwa amesimama naye.

Wito wa korti ulikuja kabla taili hazijakauka vizuri.

Nilichukua wakili wa Nairobi, mwenye tai ya gharama. Kule Kajiado tulikaa upande mmoja, na upande wa pili walikaa mama wa maziwa na binti yangu, wametoa pakiti ya biskuti wanakula. Hakimu alikuwa mwanamke kijana anayeweza kuwa mtoto wangu. Aliomba nionyeshwe karatasi tatu. Ya kwanza, mke wangu anatoa shamba kama zawadi. Ya pili, mume anakubali. Ya tatu, mume anathibitisha kwamba ameelezwa na ameelewa. Wakili wangu akaninong'oneza kwamba tunaweza kukana sahihi. Nikaitazama ile karatasi ya tatu. Mkia ulikuwa umekatika ukingoni, pale ulipovuka ukaingia kwenye meza ya watu.

Sikuweza kuikana. Ule mkia hakuna mtu mwingine Kenya hii anayeuweza. Hakimu aliuliza kama sahihi ni yangu, nikasema ni yangu, na sauti iliyotoka sikuijua. Miaka ishirini na sita kile kidole hakikukosea. Na siku ile pia hakikuwa kimekosea.

Nilijaribu kununua shamba. Nilimtuma mtu kwa mama wa maziwa na bei, halafu bei mara mbili, halafu nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anakamua. Hakuinuka. Aliniuliza nitampa lori ngapi za nyasi. Nikaondoka.

Korti ilinipa siku thelathini nimtoe mke wangu. Sasa nimpeleke wapi? Kule Noonkopir niko na nafasi nyuma ya nyumba za kupanga, lakini mpangaji gani atafua nguo akitazama kaburi jipya, na nani atanunua ploti yenye maiti nikitaka kuuza? Hilo nililifikiria kabla ya lingine lolote. Makaburi ya kaunti ni ya watu wasio na wenyewe, na mimi nimewapa watu mawe ya kujengea nusu ya mji huu. Nilimwendea pasta nikamwomba kona kwenye kiwanja cha kanisa. Alisema kamati italazimika kukaa, na kwamba mwili wenye kesi unaleta mgawanyiko. Mabenchi yalikuwa yameshafika. Mwishowe nikampigia shemeji yangu Entarara, ndugu yake mkubwa, mtu wa maneno machache.

"Ukileta jeneza, utakuta lango limefungwa," akasema. "Ukileta alichosema mwenyewe, njoo hata leo."

Halafu nikampigia binti nikamwambia alete fomu ya kuchoma. Akaja nayo. Nilimwambia aisome yote, neno kwa neno, hata yale madogo ya chini. Alisoma mara mbili. Alipoweka kidole mahali pa sahihi niliuondoa mkono wake nikapatafuta mwenyewe.

Siku ya kufukua walikuja afisa wa afya, polisi wawili na daktari. Wapakiaji wangu walikataa. Kubeba mawe ni kazi, walisema, kuvunjia mtu nyumba yake ni laana. Kwa hivyo nilivua koti nikachukua nyundo. Simiti ile niliyoisifu ilinipiga kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Mikono ilitoka damu kama ya kijana wa siku ya kwanza machimboni. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyeniambia pole. Slabu ilipopasuka afisa wa afya aliniamuru nisimame mbali, upande wa upepo. Walimtoa. Kisha mmoja akashuka tena, akatoka na kiatu cha plastiki, akauliza ni cha nani. Mama wa maziwa aliinua mkono. Alikipangusa kwa nyasi, akakivaa, akapiga mguu chini mara moja kukikaza.

Mahali pa kuchomea ni pa Wahindi, Nairobi, bustani safi yenye maua, na mlinzi wake anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Hapakuwa na pasta. Binti alisoma zaburi. Mama wa maziwa aliomba kwa Kimaa, nikasikia jina la Yesu mara mbili katikati. Mlinzi akasema kuna kitufe, kwa kawaida ni mume au mtoto wa kiume anayebonyeza. Akanigeukia.

"Mzee, ni wewe?"

"Si yeye," binti akasema, na akabonyeza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa harufu, kwa jambo la kutisha ambalo ningewasimulia watu. Hakukuwa na kitu. Ukuta ulikuwa na joto kidogo, kama ukuta wa jiko la jirani.

Entarara tulikwenda Jumamosi, wao mbele na gari la binti, mimi nyuma. Shemeji alifungua lango, akawapitisha, akasimama mbele ya gari langu. Alisema kwa adabu kwamba marehemu aliandika mimi nisiingie, nisimame hapo nje nione. Nilizima gari nikaona. Walitembea katikati ya mistari ya maharagwe, binti na kile chombo, mama wa maziwa na shemeji na wake wa ndugu zake, wakasimama, wakainama, wakaimba ubeti mmoja. Haikuchukua muda wa kuvuta sigara. Kisha mtoto wa shemeji akaniletea chai, akaipitisha juu ya lango, nikainywa nimesimama.

Lile kaburi bado liko. Mama wa maziwa hakulibomoa, alisema paa ni zuri. Upande wa mke wangu ameweka nyasi kavu. Upande wangu analaza ndama.

Hapo langoni Entarara binti alirudi na karatasi. Nilikuwa nimemwomba akusanye risiti zote, kutoka ile tepu ya fundi mpaka mafuta ya siku hiyo, mawe, taili, mahema, mafahali, mawakili, korti, kufukua na kuchoma, kwa sababu aliyekuwa ananihesabia hayuko. Nikamwambia asome. Alinisomea jumla ya chini kabisa tu, pole pole, kama mama yake: shilingi milioni moja, laki mbili, elfu thelathini na saba, mia tatu na hamsini.